Gauni Lililokataa Kumkaa Mama Mbegu

Ilikuwa mwaka ule soko lilipoungua. Hapana, nakosea. Soko liliungua mwaka uliofuata, maana siku ya moto mdogo wangu alikuwa ameshalazwa, na ni yeye aliyenisimulia kwamba moshi ulionekana mpaka kwenye dirisha la wodi. Basi tuseme mwaka mmoja kabla ya moto.

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani. Nasema ufundi kwanza, kabla ya ujane wake na kabla ya watoto, kwa sababu mwenyewe ndivyo alivyopenda kujulikana. Walipanga chumba cha mbele, mtaa wa nyuma ya kituo cha mabasi, yeye na shoga yake, cherehani zikitazamana na meza ya kukatia katikati. Ukipita nje ungesikia mashine mbili na midomo miwili, usijue ni ipi inakimbia zaidi.

Shoga yake huyo mtaa mzima ulimwita Mama Mbegu. Pamoja na kushona aliuza mbegu za kusaga, majani makavu na unga wa mizizi, kila kimoja na ugonjwa wake. Mteja alikuja kupunguza mikono ya gauni, akaondoka amepunguziwa na sukari. Hakuwa mtu mbaya, naomba nieleweke. Mdogo wangu alipofiwa na mumewe, ni huyu aliyehamia kwake na godoro, akalala naye mpaka machozi yakakauka.

Sasa, fundi hawezi kujipima kifua na mgongo sawasawa. Akijaribu, tepu inapinda. Kwa hiyo hawa wawili walipimana na kushoneana wenyewe, miaka nenda rudi. Hapakuwa na gauni la Mama Mbegu ambalo halikupita mikononi mwa mdogo wangu.

Alipogusa kitu kigumu kwenye titi, kama harage kavu chini ya ngozi, hakuniambia mimi. Alimwambia shoga yake. Shoga akasema ni zile pini, kwa kuwa mafundi wana tabia ya kuzichomeka kifuani wakiwa kazini, na chuma kinaamsha mambo yaliyolala. Akasema uvimbe hula kile unachokula wewe, kwa hiyo ukiunyima sukari, nyama, maziwa na mayai utakufa njaa wenyewe. Halafu akasema lile lililomtia hofu kuliko yote, kwamba kisu cha daktari kikigusa uvimbe, unasambaa kama wino kwenye kitambaa cheupe.

Mdogo wangu akaamini. Pini akazihamishia kwenye mkono wa blauzi. Asubuhi juisi ya majani, jioni mbegu. Nilipokwenda kumtembelea akaniletea kikombe, nikaonja, nikamwambia, "Mdogo wangu, chai hii haina sukari, haina maziwa, na nadhani hata chai yenyewe haimo."

Akacheka. "Kaka, wewe endelea na sukari yako. Mimi hili dude nalinyima chakula mpaka lihame."

Ndipo nilipomhoji, nikajua habari ya ule uvimbe. Nikamwambia twende hospitali, akajibu kwamba shoga ameshaona wengi. Nikarudi siku nyingine, nikakuta mabega yamemtoka kama henga ya kutundikia nguo ndani ya gauni ambalo alikuwa amelibana mwenyewe pande zote mbili. Nikasema tena. Akaniomba nisimvunje moyo. Na dude halikuhama.

Katikati ya mwaka Mama Mbegu akasafiri kwao, kwa maelezo kwamba anakwenda kumwuguza shangazi. Alikaa miezi. Alirudi amepungua, kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi, na siku hizo akawa mtu wa magauni mapana. Uchovu wa kuuguza, alisema. Akaendelea kumkamulia mwenzake juisi kila asubuhi, kwa mikono yake.

Ikatokea harusi ya binamu yake, akataka gauni jipya. Mdogo wangu akachukua tepu; Mama Mbegu akarudi nyuma, akasema atumie tu vipimo vya zamani. Mdogo wangu alishangaa, lakini akakata. Siku ya kujaribu, gauni likakataa kumkaa. Upande wa kulia sawa kabisa, upande wa kushoto kitambaa kinazama na kukunjamana. Akadhani ni mkato wake umekosewa, na kwa fundi wa miaka mingi kama yeye hiyo ni aibu. Akaingiza mkono kifuani kuuvuta mshono, kama alivyofanya siku zote, akagusa pamba. Pamba tupu, imeshonewa ndani ya sidiria.

Aliniambia hakupiga kelele. Aliuliza tu.

"Shoga. Wamekukata lini?"

Mama Mbegu akatazama mlangoni. Akasema ni huko alikokwenda, madaktari walimwambia amewahi, na dawa za mishipani ameshazimaliza.

"Na mimi ulikuwa unanipa majani."

"Mwili wako si mwili wangu, shoga."

Akavua gauni, akaliacha mezani na pini zake, akatoka.

Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari, mama mmoja mpole, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumcheka. Akamwambia pini hazina kosa, na kisu hakisambazi. Chakula kizuri kinaupa mwili nguvu, akasema, lakini hakuna mlo wa kuuua uvimbe kwa njaa. Mwenye njaa alikuwa yeye. Hata dawa zenyewe asingezimudu vile alivyokuwa. Ikabidi kwanza alishwe maharage, samaki, maziwa, kila alichokuwa amekikimbia. Siku ya kwanza nilimmenyea yai. Akalishika muda mrefu kabla ya kulila.

"Kaka, mwaka mzima nimeliota hili yai."

Lakini uvimbe ulikuwa umeshavuka kwapa na kwenda mbali. Alipata nafuu ya kurudi kushona kidogo, peke yake, maana mwenzake alikuwa ameshahamisha mashine. Ugonjwa hakuulalamikia. Alikuwa akikata uzi kwa meno, halafu anasema, "Angekuwa adui yangu ningeelewa." Mvua zilipokwisha, naye akatutoka.

Mama Mbegu alikuja mazishini, akakaa nyuma ya watu wote. Walipotawanyika nikamfuata mpaka getini. Sikwenda kumtukana, nilijua alimpenda mdogo wangu, na hilo ndilo linalonichanganya. Nilimwuliza jambo moja tu. Akajifunika uso kwa mtandio, akaenda zake. Baadaye nimewauliza na wengine, hata yule daktari. Nilimwuliza hivi: asubuhi ile unaondoka na mkoba wako kwenda kutibiwa, ukampita shoga yako ameinamia cherehani, ulishindwa nini kumwambia, inuka, twende wote?