Muhogo wa Pembeni

Harufu ya muhogo uliolowekwa siku tatu haifichiki. Ni harufu ya kitu kilichochacha, kali, inayopanda puani, na nyumbani kwa Bibi, kijijini Kurui, Kisarawe, ilikupokea kabla hajatoka mtu kukupokea. Ndoo mbili zilikaa nyuma ya jiko, zimefunikwa kwa majani ya mgomba, na juu ya maji kulikuwa na povu jeupe. Mama yangu ni mtu wa Njombe, amekulia viazi na mahindi. Kila tulipofika pale alikuwa anabana pua kwa ncha ya khanga huku akijifanya anafuta jasho. Bibi alikuwa anaona. Na jioni chakula kilikuwa hichohicho: bada iliyosongwa kwa unga wa ule muhogo, nyororo, ya kijivu, kwa kisamvu cha nazi. Mama alimega matonge madogomadogo na kila tonge alilitazama kwanza. Walishukiana tangu siku ya ndoa, wale wawili. Bibi alitaka mwanawe aoe jirani, Mama alilijua hilo, na kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake akosee.

Mwaka niliokuwa darasa la nne, likizo ya Desemba, nilipelekwa Kurui peke yangu. Wazazi wangu walikuwa ndio kwanza wamehamia Picha ya Ndege, mtaa wa Kibaha, nyumba haijapigwa hata lipu, na Mama alitaka apande chochote kwenye kile kipande cha nyuma. Akanituma nimwombe Bibi pingili za muhogo. Bibi alifurahi, nakumbuka, maana ilikuwa mara ya kwanza Mama kumwomba kitu. Akanipeleka ukingoni mwa shamba na kunifundisha jambo ambalo sikuwahi kulisikia shuleni. Alisema muhogo si mmoja. Ule wa katikati ni mtamu, unachemsha na kula. Ule wa pembeni, uliozunguka shamba lote, ni mchungu, na una sumu. Kaupanda makusudi, kwa sababu nguruwe wa porini akija usiku anauonja, anaukataa na kwenda zake. Sisi ndio tunaoushinda, kwa kuuloweka mpaka uoze, kuukamua na kuuanika. Ndiyo maana ya zile ndoo. "Mke mwenzangu," akaniambia, kwa utani wa bibi na mjukuu, "pita mpaka katikati ukate huko. Hapa pembeni usiguse." Akanipa panga, akarudi jikoni.

Nilikwenda hatua chache tu. Kati yangu na katikati ya shamba kulikuwa na upupu umetambaa kila mahali, na mimi siku mbili kabla ulikuwa umeniwasha mpaka nikalia na kujipaka majivu mwili mzima. Nikasimama. Nikatazama mashina ya pembeni, nikatazama ya katikati, nikaona ni yaleyale. Mtoto wa miaka kumi anajiona ana akili sana. Nikakata ya pembeni, nikafunga mzigo kwa kamba ya mgomba, nikakaa kidogo ili muda upite, kisha nikarudi nikijifanya nimechoka. Bibi alinisifu. Niliipokea ile sifa, tena bila aibu yoyote.

Muhogo hauna haraka. Mwaka ukazunguka, mimi nimeshasahau, na Jumamosi moja asubuhi Baba akiwa kazini Dar, Mama akang'oa shina la kwanza. Alifurahi, akaita majirani waone ukubwa wa mizizi. Akaukaanga kwa ajili ya chai. Ulikuwa na uchungu mwishoni mwa ulimi, na Mama akasema labda ni ardhi ya Kibaha. Mimi nilikula vipande viwili nikaacha. Mdogo wangu Shabani, mwenye miaka mitano na asiyejua kuacha chakula, alikula vyake akamalizia na vyangu. Kabla ya adhuhuri alikuwa anatapika, miguu haimshiki, macho yanapanda juu. Mama alimbeba mgongoni mpaka barabarani bila viatu. Hospitalini wakamtundikia dripu, na daktari akauliza kala nini. Alipojibiwa, akasema kuna muhogo wenye sumu, na ukiukaanga au kuuchemsha juujuu unaua mtu. Shabani alipona. Mama alirudi nyumbani na neno moja tu, na neno lenyewe ni sumu.

Bibi alikuja siku ya tatu, na kuku mkononi. Alikaa na Shabani pembeni ya kitanda, na kwa kuwa hajui kukaa bure akaomba sindano, akashona shati la Baba lililochanika kwapani. Mama alimwacha amalize. Kisha akauliza taratibu, na ule utaratibu wake ulinitisha kuliko makelele: "Mama, zile pingili alikata nani?" Bibi aliinua uso akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alijua, maana alinituma mwenyewe. Nilimwona anajua. Akasema, "Nilikata mimi. Macho yangu siku hizi hayaoni."

Laiti angechagua uongo mwingine. Mama alikuwa ametoka kumwona akipitisha uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu, bila miwani, bila kusogea dirishani. Hakubishana naye. Usiku nilimsikia akimwambia Baba kwamba mtu anayeona tundu la sindano anaona na shina la muhogo. Baba alijaribu kumtetea mama yake akashindwa. Tangu siku hiyo hatukulala tena Kurui. Bibi aliendelea kutuma unga wa muhogo kila msimu, na Mama aliendelea kuumwaga kwenye shimo la taka. Mimi nilitazama na kunyamaza, mwaka baada ya mwaka. Nilikuwa mwoga, basi. Sina jina lingine la kujipa.

Ukubwani nimekuwa mtu wa kushuku kila kinachoingia mdomoni. Nauliza kimetoka wapi, nani kakipanda. Ndivyo nilivyokuja kujua kwamba muhogo wenyewe si wa kwetu. Uliletwa na meli za Wareno kutoka Amerika ya Kusini. Mahindi ya Mama, viazi vyake, pilipili, nyanya, karanga, hata mikorosho ya Kisarawe, vyote asili yake ni huko Amerika. Bibi alimwona Mama mgeni huku jiko lake lote limejaa wageni. Nilitamani kumwambia hilo tucheke. Lakini ningeanzaje, bila kwanza kusema lile jingine?

Bibi alifariki mwaka jana. Kwenye arobaini, Mama alikwenda na mkate wake na chupa yake ya chai, akakaa nao mkekani mbele ya shangazi zangu wote. Niliona wanavyotazamana. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwita nyuma ya jiko, pale zilipokuwa ndoo, nikamwambia kila kitu: upupu, panga, na yale macho yaliyonitazama mlangoni. Mama akaingia ndani, akachukua sahani ya bada iliyokwishapoa, akala yote, matonge makubwa, bila kuyatazama. Aliponawa ndipo aliponiambia, "Ungeniambia nikiwa na mtu wa kumwomba radhi."

Siku hizi anakaa kwangu, hapahapa Picha ya Ndege, na mji umejaa vyakula vya kila namna, kwenye pakiti zenye majina ya nchi nisizozijua. Vyote hivyo Mama anakula bila wasiwasi. Unga wa muhogo ukiletwa kutoka Kurui anaupokea kwa mikono miwili. Ni nikitoka mimi sokoni ndipo anapochukua mfuko wangu, anaufungua, ananusa, kisha ananitazama usoni na kuuliza, "Hiki umekitoa wapi?" Namjibu. Naye anasubiri kidogo kabla ya kukubali.