Leso ya Mama, Krismasi ya Mbotela

Krismasi ya mtaa wetu wa Mbotela ilianza kwa harufu ya chapati. Mlango baada ya mlango jiko la makaa lilikuwa nje, na ukipita ulijua nani ana nyama na nani anajikaza tu. Mwaka nilipokuwa na miaka kumi, jiko letu lilikuwa baridi. Mama alifariki mwezi wa nne, tukamzika nyumbani, upande wa Bungoma, na baba hakuwa na nguvu ya kurudi huko kuliona kaburi. Tukabaki Nairobi.

Aliyetushikilia ni Felista, fundi wa nguo wa laini ya nyumba za nyuma yetu. Jumamosi alikuja kunisuka, na baba akawa haachi kukaa karibu, eti anatengeneza redio. Redio haikuwa na shida yoyote. Siku moja nilimsikia baba akicheka, nikashtuka, maana nilikuwa nimeisahau sauti hiyo. Nilitaka Felista awe wetu. Nilitaka sana, wala sioni aibu kusema.

Wiki hiyo televisheni ilionyesha filamu ya Krismasi ya Wazungu, theluji tele, mwanamume aliyefiwa na mke. Binti yake anatoa skafu ya marehemu mama yake, anamvisha mchumba wa baba, basi wote wanalia, wanakumbatiana, yamekwisha. Mjinga mimi, nikaamini ndivyo mambo yanavyofanywa.

Siku ya Krismasi Felista alikuja kutupikia. Mama mkubwa, dada yake mama, naye akaja kutoka mtaa wa Mowlem. Tulipomaliza kula nilifungua sanduku, nikatoa leso ya mama, ile ya kwenda kanisani, nikamfunika Felista mabegani. Nikamwambia ni yake.

Hakuna aliyelia. Kwetu mtoto hagawi nguo za marehemu. Hukaa zimefungwa mpaka ukoo ukutane nyumbani, dada zake wachague kwanza, ndipo mume afikirie mke mwingine. Felista alilijua hilo, na uso ulimshuka.

"Nani amemfundisha mtoto?" mama mkubwa aliuliza taratibu, macho yakiwa kwa Felista.

"Dada, mimi sijamwambia kitu."

Baba alitazama sahani yake. Nami, niliyejua ukweli wote, niliogopa kuchapwa nikafunga mdomo. Felista aliikunja leso vizuri, akaiweka kitini, akachukua mkoba wake. Kufikia mwaka mpya ukoo mzima ulikuwa umeambiwa kwamba kuna mwanamke Nairobi anayevaa nguo za marehemu. Kufikia Pasaka alikuwa amehama, na baba hakumfuata.

Siku hizi filamu hizo zimejaa hata kwenye simu, na binti yangu anazipenda. Namwacha atazame. Zinanikera mpaka leo, lakini filamu haikunifunga mdomo, nilijifunga mwenyewe.

Baba hakuoa tena. Hajawahi kunilaumu, na heri angenilaumu. Mwaka juzi alipooza upande mmoja. Kila Jumamosi naenda kumfulia na kumpikia, lakini kwetu binti hamwogeshi baba yake, hiyo ni kazi ya mke. Kwa hiyo namchemshia maji, naweka beseni kando ya kitanda, natoka nje na kuufunga mlango. Namsikia ndani akihangaika na mkono mmoja, sabuni ikimponyoka, naye akiitafuta sakafuni. Nasimama pale pale mpaka aniite.