Risasi Iliyotoboa Sufuria Yangu

Ninamshukuru Mungu aliyenipa uzee na kicheko. Hapa Kilibula, mtaa wetu kando ya ziwa, wezi wakiingia tunapiga masufuria ili majirani waje. Alfajiri moja kiboko alitoka ziwani akaingia katika viazi vyangu, nikapiga sufuria kumfukuza. Jirani yangu, mwanajeshi mstaafu, akadhani ni wezi, akafyatua bunduki. Risasi ikatoboa sufuria mikononi mwangu. Mimi, sifa kwa Bwana, sikuguswa hata ukucha.

Polisi wakamkamata. Watu wakajaa mbele ya ofisi yao, hawa wakipaza sauti, "Alijitetea!" na wale, "Afungwe!"

"Sheria inaruhusu kujitetea kukiwa na hatari," alisema komanda wa polisi. "Hatari ilikuwa wapi?"

"Si ndiyo huyu mama na sufuria yake!" akajibu dereva mmoja wa pikipiki.

Tulicheka mpaka komanda akavua kofia ajifute machozi. Kisha akaniuliza, "Mama, unamushitaki?"

Jirani akainamisha kichwa.

Nikamjibu, "Hapana, papa komanda. Mumuache arudi kwake, bunduki ibaki hapa. Sufuria ninamupa yeye. Kiboko akirudi, atapiga mwenyewe."

Jirani alirudi nyumbani ameivaa sufuria kichwani, mtaa mzima ukimwimbia.

Wewe unayesoma, Mungu akulinde, akubariki pamoja na majirani zako wenye haraka.