Kamba Sita za Ugwe Mgongo

Mdogo wangu wa mwisho alirudi nyumbani Kaagya na sapu moja, mtihani wa kurudia: mishipa ya fahamu ya ugwe mgongo. Anasomea utabibu Bukoba mjini, na mtihani huo ulikuwa wa kuulizwa ana kwa ana. Akifeli tena, anarudia mwaka mzima. Alikuwa na siku tatu.

Aliingia jikoni nikimenya ndizi, akawa anatembea huku na huko na daftari lake.

"Nieleze mimi," nikamwambia.

"Dada, waitu, haya si mambo ya kibanjani, ya migomba na kahawa."

"Huo mgongo wako nimeuogesha miaka mingapi? Sema."

Niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini na wadogo wakabaki mikononi mwangu. Kuuliza sijawahi kuonea aibu. Akaketi, akasema ndani ya uti wa mgongo mna ugwe laini, na ndani ya ugwe mna njia nyingi. Yeye zilimsumbua tatu. Moja hupeleka kichwani maumivu na joto, nyingine hupeleka mguso, na ya tatu hushusha amri ya kutembea. Zote huvuka, ndiyo maana upande wa kushoto wa ubongo huhudumia mguu wa kulia. Ila hazivukii mahali pamoja, na hapo ndipo alipokuwa akichanganya.

Nikachukua nyuzi za mgomba, zile tunazofungia miti ya kuegemeza migomba yenye mikungu mizito. Uzi mkavu ukawa maumivu, mbichi ukawa mguso, na kipande cha kitenge kilichochakaa kikawa amri. Boriti ikawa kichwa. Nikazitundika hapo, nikazisuka kama ninavyosuka nywele, zote zikapishana katikati.

"Siyo hivyo!" akaruka. "Umemuua mgonjwa!"

"Basi mfufue."

Akafumua. Uzi mkavu akauvusha chini kabisa. "Maumivu yakiingia tu kwenye ugwe, yanavuka." Ule mbichi akaupandisha upande uleule mpaka karibu na boriti, ndipo akauvusha. Kitenge nacho kikavukia huko huko juu, kikielekea chini. Kisha akatundika tatu nyingine za mguu wa pili. Ndizi zangu zilikuwa zimegeuka nyeusi na hatukujali.

Nikashika kisu, nikakata katikati, upande wa kulia tu. "Haya, daktari. Mgonjwa ana nini?"

Akazifuata kwa kidole moja moja. Mguu wa kulia hautembei, wala hausikii mguso vizuri. Kidole kikafika kwenye uzi mkavu uliokatika, kikashuka nao, kikaishia mguu wa kushoto.

"Akikanyaga kaa la moto kwa mguu wa kushoto, hasikii!" Alipiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Siku ya mtihani nilikuwa nachuma kahawa simu ilipolia.

"Umefaulu?"

"Subiri nikueleze."

"Umefaulu?"

"Dada, waliniuliza kuhusu mtu aliyechomwa kisu mgongoni, nusu ya kulia! Mwalimu akasema, mbona unasuka hewani?"

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba mgonjwa huyo nilishamtibu jikoni kwa dada. Akacheka. Nimepita!"

Nilikaa chini ya mibuni, kikapu kikapinduka. "Basi njoo Jumamosi," nikamwambia. "Na safari hii ndizi unamenya wewe."