Dole Gumba Kiganjani

Shangazi yangu, dada yake baba, alizaliwa kiziwi, na mimi ishara zake nilizionea aibu kwa miaka mingi. Mimi sikuzaliwa hivyo. Homa ya uti wa mgongo ilinikuta nina miaka minane, ikaniachia uhai na sauti, ikachukua masikio. Kwa kuwa nilikuwa nimeshajua kuongea, Kiiraqw cha nyumbani na Kiswahili cha shule, niliendelea kuongea, ingawa wadogo zangu walisema natoa sauti ya mtu aliyejifunika blanketi. Midomo ya watu niliisoma. Baba alihangaika mwaka mzima mpaka akanipatia nafasi katika shule ya viziwi, mbali na kwetu Karatu, safari ya siku mbili kwa basi.

Shuleni walimu walitaka tuseme kwa midomo. Aliyekamatwa akitumia ishara darasani alichapwa rula mikononi. Kwa hiyo ishara zetu zilikuwa za bwenini. Tulizirithi kwa dada waliotutangulia, tukaongeza zetu, tukazipenda jinsi mtoto anavyopenda sukari ya kuiba. Tulikuwa na ishara ya mwalimu mkuu, ya uji usioiva, ya Jumapili. Ya "kubali" ilikuwa hivi: unakandamiza dole gumba katikati ya kiganja cha pili, kama asiyejua kuandika anavyotia sahihi.

Ungedhani watu waliochapwa kwa sababu ya mikono yao wataiheshimu mikono ya wengine. Wapi! Nilikuja likizo Rhotia, kijijini kwetu, nimevimba kichwa. Shangazi hakuolewa, na alikaa katika nyumba yake ya vyumba viwili nyuma ya kwetu, aliyoachiwa na babu pamoja na kipande cha shamba. Aliniona naingia akanikimbilia, akaanza kunisimulia habari za mwaka mzima kwa ishara walizotunga yeye na kaka zake walipokuwa wakichunga ng'ombe utotoni. Nilimshika mikono nikaishusha. Nikaanza kumfundisha zangu. Akaiga mbili tatu ili kunifurahisha, kisha akachukua jembe lake akaenda kupalilia.

"Shangazi hana lugha," nilimwambia baba. "Anapunga mikono tu."

Baba alicheka, nami nikaona nimesema neno la maana.

Nilimaliza shule mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikarudi na ufundi wa kushona. Baba akanitafutia cherehani ya miguu. Mwaka huohuo mke wa baba mkubwa, kaka yao mkubwa aliyehamia Daa, akafariki na kuacha watoto wanne, wa mwisho hata kutembea bado. Baba mkubwa akaja kwetu baada ya Pasaka, maharage yakiwa ndiyo kwanza yanatoa majani. Alitaka shangazi ahamie kwake, alee wale watoto.

Kikao kilifanyika sebuleni kwetu: baba, baba mkubwa, mama, shangazi, na katekista aliyekuwa mwenyekiti. Sitasema kuwa waliitisha kikao cha kumwonea. Katekista mwenyewe ndiye aliyesema, "Huyu ni mtu mzima. Lazima aulizwe." Halafu nyuso zote zikanigeukia mimi. "Wewe ndiye uliyesomea lugha ya mabubu," akaniambia. "Muulize."

Ningeweza kusema sijui ishara zake. Mlango ulikuwa huo mmoja tu, na niliufunga kwa mkono wangu. Nilisimama katikati ya chumba nikajinyoosha, nikamuuliza kwa ishara za bwenini kana kwamba niko mbele ya mkaguzi: wewe, kwenda, Daa, watoto, kuishi, kubali? Shangazi aliniangalia. Akamwangalia baba, akamwangalia baba mkubwa, uso kwa uso, muda mrefu. Kisha akaonyesha nyuma ya nyumba na kukandamiza dole gumba kiganjani. Akarudia. Mara ya tatu alikandamiza mpaka kucha ikawa nyeupe.

"Amekubali," nilisema. "Amesema mara tatu."

Uso wake haukufanana na uso wa mtu aliyekubali. Niliuona. Nikajiambia ni huzuni ya msiba. Katekista akafunga kwa sala, mama akaleta chai.

Jumamosi shangazi alipandishwa juu ya lori lililokuwa likienda upande ule, na furushi lake na jembe. Hakunipungia. Wiki haikuisha, baba akanipa nyumba ya shangazi. "Cherehani inataka chumba chenye dirisha," alisema. Nikahamia. Nilifurahi sana, na sina sababu ya kuficha hilo sasa.

Msimu uliofuata nilikuwa shambani na mama tukipanda maharage katikati ya mahindi. Tulianza ncha mbili za mstari. Mama aliinua kichwa, akaona niko mbali mno kusoma midomo yake, basi akakandamiza dole gumba kiganjani na kuuzungusha mkono kwenye mstari. Hata hakufikiri. Nilielewa mara moja ananiuliza nini: umepanda mpaka wapi?

Nilitembea mpaka alipokuwa, mbegu zikinidondoka.

"Ishara hiyo umeitoa wapi?"

"Ya shangazi yako hiyo. Kupanda. Si unavyoona, mbegu inavyosukumwa kwenye udongo. Niliikuta nilipoolewa."

"Siku ile ya kikao alisema nini?"

Mama aliinama. Ilinibidi nimshike kidevu ili nione midomo yake, jambo ambalo mtoto hamfanyii mama yake.

"Alisema amepanda," akasema. "Kwamba yuko kwake. Haendi."

"Na mliona?"

"Tuliona."

"Baba je?"

"Baba yako amekua naye. Kaka zake ndio waliotunga naye maneno yale."

"Mbona hamkusema?"

"Mwanangu," mama alisema, "wewe ulishasema."

Waliosema mdharau mwiba mguu huota tende walinijua. Chumba kizima kilimwelewa shangazi isipokuwa mkalimani wake. Kosa langu liliwafaa, nao wakaliacha lipite, kwa kuwa lilitoka kwa msomi na hakuna aliyelazimika kumnyang'anya dada yake nyumba kwa mdomo wake mwenyewe. Niliwachukia. Halafu nilirudi ndani, nikakaa kwenye cherehani, chini ya dirisha lake.

Nigeuke upande gani? Nikienda kwa katekista, namwita baba yangu mwongo mbele ya kanisa. Nikimrudisha shangazi, watoto wanne wanabaki bila mtu. Tena nitahama nyumba hii, na Rhotia yote itajua kuwa yule aliyepelekwa shule siku mbili kwa basi hakumwelewa shangazi yake wa damu. Nilishona sare za shule, nikashona magauni ya kipaimara, na kila nilipoinua macho niliona shamba lake na mama yangu akivuna ndani yake. Miaka miwili nilikaa hivyo. Watu walisema nimekuwa mkali kwa wateja, na kweli nilikuwa mkali.

Kitu kimoja tu nilifanya. Kila jioni tukichambua maharage, nilimwomba mama anifundishe ishara za shangazi. Mvua ilikuwa hivi, mgonjwa hivi, kurudi hivi, kulala hivi. Nilikuta zina mpangilio wake, na nilipokosea, mama alinishika mikono akaishusha, akaniambia nianze upya.

Baada ya mavuno nikaenda Daa. Nilimkuta shangazi mlangoni akimenya viazi, mtoto yule wa mwisho amemwegemea, msichana mwenye masikio mazima, wanaongea kwa ishara haraka haraka na kucheka. Waliponiona wakanyamaza, yaani mikono ilitulia. Nilimsalimu. Kisha, kwa ishara zake, polepole, nikamuuliza: kurudi kwako, unataka?

Kisu kilisimama. Aliniangalia mikono, si uso. Halafu akajibu, jibu refu, nami nikapotea katikati. Zamani ningetikisa kichwa kama nimeelewa. Safari hii nilimwambia sielewi, rudia. Akarudia. Bado. Akarudia tena, akikata ishara moja moja kama anavyomkatia mtoto chakula, mpaka ikabaki moja tu ya kuuliza: nyumbani kwangu analala nani?

Ningeweza kusema hakuna mtu. Ishara hiyo niliijua. Nikanyoosha kidole, nikakiweka kifuani mwangu.

Alikitazama kidole kile mpaka nikakishusha. Kisha akamgeukia mtoto, akaendelea naye pale walipoishia, kwa mikono ya haraka ambayo sikuweza kuifuata.