Simu Ilisema Tafadhali

Mtaani walimwita Injinia, naye hakuwahi kumsahihisha mtu. Cheti chake kilikuwa cha miezi mitatu ya kompyuta. Kilichobaki kilimaliziwa na kitambi na kalamu mbili mfukoni. Lakini tusimwonee. Alichomtengenezea dada yake, wenye vyeti vya kutundika ukutani hawakukiwaza.

Dada, fundi cherehani mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake, alipatwa na kiharusi, ulimi ukalala. Injinia akajifungia miezi minane, akatoka na picha zinazosema. Dada akigusa kikombe kwenye simu, simu inasema, "Nipe maji." Akigusa mlango, "Nataka kutoka." Picha ya ndala ilikuwa ya utani: "Mdogo wangu, huna akili." Hiyo aliigusa kuliko maji.

Kazi yote iliendeshwa na pleya, programu ya kampuni ya mbali iliyochezesha picha hizo kama redio inavyochezesha kaseti. Alhamisi moja simu ikaleta ujumbe: "Tafadhali sasisha pleya." Dada akabonyeza kubali. Mtu akikuomba kwa tafadhali, utamkataliaje? Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyomlea Injinia, kwa makofi.

Pleya mpya haikuzitambua kazi za zamani. Kioo kikafunguka kijivu, kimya.

Injinia aliingia akitamba kwamba ni dakika tano tu, chai ibandikwe. Chai ikaiva, ikapoa. Alijaribu kuirudisha pleya ya zamani, simu ikaitema. Akawaandikia wenye kampuni; jibu likaja papo hapo, likimshukuru kwa kuwa mteja wa thamani na kumtakia siku njema. Binti wa Dada akamuuliza kama hawezi kuitengeneza upya. Injinia akaeleza kwamba kompyuta iliyobeba kazi ile ilishakufa, na kwamba sasa inatakiwa lugha mpya ya kuandikia programu, ambayo yeye hata jina lake linamshinda kutamka.

"Kwa hiyo mjomba, lini?"

Mara ya kwanza maishani, Injinia hakuwa na tarehe.

Dada akaivuta simu, akagusa kona ya juu kushoto ya kile kijivu. Injinia akachangamka: hapo ndipo palipokuwa na kikombe. Akakimbilia maji. Dada akatikisa kichwa, akagusa palepale. Ndipo Injinia akakumbuka kwamba kurasa za picha zilikuwa kumi na mbili, na kila ukurasa ulikuwa na kona yake ya juu kushoto.

"Unaumwa?" Hapana. "Nikuache upumzike?" Hapana. Akajilazimisha kucheka. "Basi sina akili?"

Dada hakucheka. Kidole kiligusa tena, taratibu, kama mtu anayemrudia mtoto somo. Injinia alisimama na bilauri mkononi akizihesabu kichwani picha za kona ile, ukurasa kwa ukurasa. Ya nne aliikumbuka. Ya tano, hapana.