Mathe wa Bango

Kisa hiki nilisimuliwa kwanza na shangazi yangu, Krismasi ya kwanza baada ya kumzika mumewe. Mumewe alikuwa mchoraji wa mabango. Alipoombwa achore bango la kuwasihi madereva wawe na subira, kwenye barabara kuu ya Gilgil, alimchora mkewe akivuka na ndoo ya viazi, kitambaa chekundu kichwani, mkono juu. Chini akaandika: “Asante kwa kuningoja.”

Madereva wa malori wakamjua. “Mathe wa bango, pita!” walimwita, mathe yaani mama. Naye alijibu, “Na nisipokuwepo, muwangojee wengine!”

Lakini siku aliyovuka kichwa wazi, lori nusura limgonge; dereva hakumtambua bila kitambaa. Tangu hapo wauza viazi wenzake wakawa wanaazima kitambaa kile. Aliyefika ng'ambo alikifungia kiazi kiwe kizito, akakirusha kupita juu ya magari, na mwingine akakidaka na kujifunga.

Juzi nilimsindikiza shangazi. Bango liliondolewa zamani. Pale sasa pana picha ya msichana anayetabasamia simu. Shangazi alikaza kitambaa chake kilichofifia, akainua mkono. Lori likasimama. Gari dogo nyuma yake likapiga honi.

“Mzee, unangoja nini?” kijana aliyeliendesha akafoka.

Dereva mwenye mvi akachungulia dirishani. “Namngoja mathe wa bango.”

“Bango gani?”

Tulivuka polepole.

Msichana wa simu ni mrembo, ila sijaona gari likisimama kwa ajili yake. Mchoraji alitutoka, na wale wauza viazi wenzake shangazi wote pia. Shangazi yu hai, na angalau dereva mmoja bado anamngoja.